Kengele ya dawa haikulia: kutafuta kasoro kwenye simu ya mzee

Mama hajameza dawa ya presha siku tatu, na programu ya kumkumbusha imo kwenye simu yake. Neno la kwanza nyumbani huwa "amesahau." Mara nyingi hakusahau. Kengele haikulia, au ililia saa nane za usiku akaizima, au ililia akabonyeza kitufe asichokielewa. Kwa hiyo kagua simu kwanza, mwenye simu baadaye. Mzee akilaumiwa mara mbili kwa kosa la simu, ataiweka kabatini, na kumrudisha tena kwenye programu ni kazi kubwa.

Maelezo haya ni ya simu za Android: Tecno, Infinix, itel, Samsung, Redmi na nyinginezo. Majina ya menyu hutofautiana kidogo, lakini mahali pa kutafuta ni palepale. Kabla ya kuanza, kaa na cheti cha dawa na pakiti zenyewe mkononi, na mzee awe karibu. Programu hukumbusha tu. Dozi, saa na aina ya dawa hubadilishwa na daktari au mfamasia, kamwe si mjukuu anayejua simu.

Kengele hailii kabisa

Fanya jaribio la dakika tatu. Weka kikumbusho cha majaribio dakika tatu mbele, funga skrini, laza simu mezani, usiiguse. Ikilia, simu ni nzima. Uliza basi simu huwa wapi saa ya dawa. Imo ndani ya mkoba? Imeachwa kwenye chaji chumba kingine? Mjukuu ameondoka nayo? Isipolia, fuata mpangilio huu.

Anza na sauti. Android ina sauti kadhaa zinazojitegemea: ya mlio wa simu, ya arifa, ya muziki na video, ya kengele. Mtu hupandisha ya muziki akidhani amepandisha zote. Bonyeza kitufe cha sauti pembeni, gusa alama inayofungua orodha nzima, kisha pandisha ya arifa na ya kengele mpaka mwisho, kwa sababu programu nyingine za dawa hulia kwa sauti ya arifa na si ya kengele. Hapo hapo angalia kama "Usinisumbue" imewashwa au imepangiwa kujiwasha usiku.

Kisha ruhusa. Tangu Android 13, programu mpya haiwezi kutoa arifa mpaka mwenye simu akubali, na akikataa mara mbili haiulizi tena. Inakaa kimya milele. Nenda Mipangilio, Programu, chagua ile ya dawa, Arifa, washa. Katika ukurasa huohuo tafuta ruhusa ya "Kengele na vikumbusho" na uiwashe kama ipo. Tangu Android 14, programu nyingi zinazosakinishwa upya hazipewi ruhusa hiyo moja kwa moja, na bila hiyo kikumbusho cha saa 8:00 kinaweza kuja kwa kuchelewa.

Mkosaji mkubwa lakini ni betri. Simu za bei nafuu hufunga programu zilizo nyuma ili kuokoa chaji na kumbukumbu, na kwa simu, programu isiyofunguliwa tangu jana ni mzigo tu. Katika ukurasa wa programu ya dawa gusa Betri, uchague itumie betri bila vizuizi. Samsung ina orodha ya programu zinazolazwa, itoe humo. Kwenye Redmi tafuta ruhusa ya kujiwasha yenyewe. Tecno na Infinix huja na Phone Master, programu ya kusafisha na kusimamia simu. Ifungue uangalie kama inafunga programu ya dawa, kisha fungua orodha ya programu zilizotumika karibuni na uifungie kufuli ile ya dawa hapo. Mwambie na yule kijana anayependa "kusafisha" simu ya bibi kila Jumapili kwamba kila anaposafisha, huenda anazima na kengele za dawa. Kusimamisha programu kwa lazima kutoka kwenye Mipangilio ni kubaya zaidi: hufuta kengele zote zilizopangwa, na hazirudi mpaka programu ifunguliwe tena kwa mkono.

Sababu nyingine hujitokeza baada ya umeme kukatika. Simu ilizima usiku, asubuhi ikachajiwa ikawaka, lakini hakuna aliyeingiza namba ya siri. Mpaka ifunguliwe mara ya kwanza, programu nyingi za kupakua haziwezi kufanya kazi. Mzoeshe mzee: simu ikiwaka upya, fungua skrini kwanza.

Umemaliza yote na bado inalia leo, kesho haifanyi? Usipigane nayo wiki nzima huku dawa zinakosekana. Dozi muhimu kuliko zote iwekee kengele ya kawaida kwenye saa ya simu yenyewe, inayojirudia kila siku. Kengele hiyo simu huiheshimu kuliko programu yoyote ya kupakua. Hata kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, kina kengele, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Kama mzee ana vyote viwili, kengele ikae kwenye kiswaswadu, na rekodi zikae kwenye simu kubwa.

Inalia, lakini saa siyo

Kosa hili ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, na programu nyingi zilizotengenezwa ng'ambo hazilijui. Mfamasia amesema "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku." Kijana anaandika 2:00 na 2:00. Sasa kengele ya kwanza inalia saa nane za usiku, ya pili saa nane mchana. Mzee anashtuka usingizini usiku wa kwanza, wa pili anazima sauti, na wiki moja baadaye mnamwona aliyezembea.

Hesabu ni kuongeza au kutoa sita. Saa moja asubuhi ni 7:00, saa mbili usiku ni 8:00 PM, yaani 20:00, saa sita mchana ni 12:00. Mtego mkubwa uko kwenye saa kumi na mbili: ya asubuhi ni 6:00 na ya jioni ni 18:00, lakini ukiandika 12:00 kengele italia adhuhuri. Badilisha simu iende kwa mfumo wa saa 24 kwenye Mipangilio ya tarehe na saa wakati unaweka kengele, maana AM na PM huchanganya hata vijana. Halafu jina la kikumbusho liandike kwa maneno ya mzee mwenyewe: "Saa mbili asubuhi, baada ya chai." Kengele ikilia wakati usiolingana na jina lake, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuona kosa.

Madhara si usumbufu pekee. Dawa ya kutoa maji mwilini kama furosemide kwa kawaida humezwa asubuhi. Ikiingizwa 20:00 badala ya 8:00, mzee ataamka kwenda chooni usiku kucha, gizani, na wazee huanguka hivyohivyo wakavunjika nyonga.

Angalia na jinsi cheti kilivyosomwa. 1x3 maana yake ni kidonge kimoja kutwa mara tatu. Programu nyingi zina chaguo la "kila baada ya saa kadhaa," na asiyejua huweka kila baada ya saa 3, ambayo ni vidonge vinane kwa siku. Vilevile 2x1 ni viwili kwa mara moja, 1x2 ni kimoja mara mbili. Jumla ni ileile, dawa inavyofanya kazi mwilini si ileile. Kama ni kutwa mara tatu, muulize mfamasia kama lazima iwe kila saa nane kamili au inatosha kwenda na milo, kwa kuwa jibu hutegemea dawa.

Kuna dawa za mara moja kwa wiki, na hapa tunaomba umakini wa pekee. Methotrexate ya baridi yabisi humezwa siku moja ya wiki. Programu nyingi zikifunguliwa huanza na "kila siku," na ukisahau kubadilisha umemwekea mzee ratiba ya sumu: methotrexate ya kila siku kwa dozi hiyo imeua watu. Chagua siku, kisha fungua kalenda ya programu uhesabu kwa macho: wiki nne, alama nne. Na siku yenyewe mkubaliane vizuri. Kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua likizama, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule ambao simu inauita Alhamisi usiku. Dawa za namna hii ziwekeeni asubuhi, ubishi uishe.

Mwezi wa Ramadhani ratiba nzima huhama. Mzee anayefunga huzima kengele za mchana, halafu hazirudishwi baada ya Idi. Wiki mbili kabla ya mfungo aende kliniki aulize kama anaweza kufunga, na dawa zake zigawanywe vipi kati ya futari na daku. Anayetumia insulini au glibenclamide, dawa za kushusha sukari, asibahatishe hata siku moja. Ratiba mpya itengenezeni kama orodha ya pili ndani ya programu, ya zamani isimamisheni bila kuifuta, na mweke kikumbusho cha kuirudisha.

Simu iliyotumwa kama zawadi kutoka Muscat au Dubai huenda bado ina saa za huko, saa moja mbele yetu. Washa tarehe, saa na ukanda wa saa vijiweke vyenyewe.

Programu inasema amemeza, vidonge vinasema hapana

Usiamini alama za tiki mpaka umehesabu vidonge. Alipewa 30 vya 1x1 akaanza tarehe 1. Asubuhi ya tarehe 11, akishameza, vibaki 19. Hesabu mbele yake kwa heshima, na mweleze kwamba unaikagua programu.

Vikibaki vingi kuliko hesabu, tazama anavyofanya kengele ikilia. Kwa kawaida simu iko sebuleni na dawa ziko chumbani. Anazima kengele ili atulie, anabonyeza kitufe chenye rangi nzuri, anainuka kwenda chumbani, njiani mgeni anabisha hodi. Weka simu na dawa mahali pamoja saa hizo, karibu na maji ya kunywa, na mfundishe mpangilio mmoja usiobadilika: kidonge mdomoni, maji, ndipo kitufe. Vitufe vyenyewe mara nyingi vimeandikwa Kiingereza, "Take," "Skip," "Snooze." Kama programu haina Kiswahili, usimkaririshe maneno, mwonyeshe mahali na rangi, afanye mwenyewe mara tano huku mikono yako iko nyuma.

Vikibaki vichache kuliko hesabu, hali ni ya hatari zaidi: anameza mara mbili. Sababu ya kawaida ni dawa moja kuingizwa kwa majina mawili. Hospitali ilimpa amlodipine ya presha, duka la dawa likampa Norvasc, na programu ina kengele mbili. Norvasc ni amlodipine. Glucophage ni metformin. Lasix ni furosemide. Kwenye kila pakiti, chini ya jina la biashara, kuna jina halisi la dawa kwa herufi ndogo. Hilo ndilo la kuandika kwenye programu, pamoja na miligramu zake. Ukikuta jina halisi limejirudia, usifute kwa kukisia. Piga kliniki au nenda kwa mfamasia na pakiti zote mbili.

Halafu kuna suala la picha. Programu nyingi huruhusu kuweka picha ya kidonge, jambo zuri kwa asiyesoma. Lakini mwezi huu hospitali imetoa amlodipine ya kiwanda kingine: ya zamani ilikuwa ya duara, nyeupe, na hii ni ndefu kidogo, ina rangi ya maziwa. Mzee anatazama picha, anatazama mkononi, anasema hii siyo yangu, anaiacha. Au anameza zote mbili. Kila anapotoka kuchukua dawa, piga picha upya siku hiyohiyo, pakiti pamoja na kidonge kwenye kiganja chake.

Dozi ikikosekana, asimeze mbili kufidia. Maelezo ya nini cha kufanya yamo kwenye karatasi ndani ya pakiti, na mfamasia anaweza kuyafafanua kwa simu.

Simu imeanza kuongea yenyewe, na haisikii nikibonyeza

Mzee anasema simu imerogwa. Kila anachogusa kinasomwa kwa sauti, kimezungukwa na mstari, na hakifunguki. Ni TalkBack, msaada wa wasioona, uliojiwasha pale alipobana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja akiinua simu. Bana vyote viwili tena kwa sekunde chache, itazimika. Isipozimika, kumbuka kwamba kwa wakati huo kugusa mara moja ni kuchagua na kugusa mara mbili ndiko kufungua, na skrini husogezwa kwa vidole viwili. Nenda hivyo mpaka kwenye Mipangilio ya ufikivu (Accessibility) uizime, na njia hiyo ya mkato uizime pia.

Akigusa na hakuna kinachotokea, bila simu kuongea, tazama kidole chake. Wazee wengi hubonyeza skrini kama kitufe cha redio: kwa nguvu na kwa muda. Simu inasoma hilo kama kushikilia, na matokeo yake ni menyu kufunguka au alama ya programu kuhama ukurasa. Katika ufikivu kuna muda wa kugusa na kushikilia, uweke mrefu. Ngozi iliyokakamaa kwa jembe la miaka hamsini, au kavu kwa umri, haisomeki vizuri na skrini. Kitambaa chenye unyevu kidogo husaidia, na kalamu ya kugusia ni rahisi kupatikana kwenye maduka ya vifaa vya simu. Alama ya kidole ikikataa kufungua, usimtese. Mwekee namba nne anazozikumbuka.

Maandishi yakuzwe, ila si mpaka mwisho kabisa. Kwenye ukubwa wa juu, baadhi ya programu husukuma kitufe cha kuhifadhi nje ya skrini, na mzee anabaki kwenye ukurasa usio na njia ya kutoka. Kuza hatua moja, fungua kila ukurasa wa programu, kisha ongeza. Muda wa skrini kuzima upandishe kutoka sekunde 30 hadi dakika 2.

Namba za presha na sukari hazieleweki

Mashine ya presha hutoa namba tatu: ya juu, ya chini, na mapigo ya moyo. Kwenye programu, mapigo huishia nafasi ya presha ya chini mara nyingi sana. Ukiona rekodi kama 138 kwa 72 leo na 138 kwa 90 jana, rudi kwenye kumbukumbu ya mashine ulinganishe kabla ya kushtuka. Betri za mashine zikibadilishwa saa yake huweza kurudi mwanzo, na vipimo vinavyohamia kwenye simu kwa Bluetooth vikaingia kwa tarehe ya miaka iliyopita. Rekebisha saa ya mashine kwanza. Mashine isipoonekana kabisa kwenye simu, angalia ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, au ya mahali ulipo kama simu ni Android 11 kushuka chini.

Vipimo vikiruka ovyo, kosa huwa kwenye upimaji. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, ameshakojoa, hajanywa kahawa nusu saa iliyopita, na asizungumze. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko. Mkono wa sweta uliokunjwa ukabana hapo juu hupotosha kipimo. Mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni, siku saba kabla ya kliniki.

Kwa sukari, tatizo la kwanza ni kizio cha kipimo. Kuna mmol/L na mg/dL, na mmol/L 1 ni takriban mg/dL 18: 7.0 mmol/L ni sawa na 126 mg/dL. Mashine ikisoma 7.2 na programu ikiwa kwenye mg/dL, itawaka nyekundu kwamba mzee yuko hatarini. Badilisha kwenye mipangilio ya programu, siyo kwenye namba. Na kama alitoka kumenya embe, sukari iliyo kwenye kidole huipandisha namba. Anawe kwa maji na sabuni, akauke, apime kidole kingine.

Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, na anatoka jasho, anatetemeka au anaongea ovyo, weka simu chini. Vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni; hospitali haraka. Presha ya 180 kwa 120 au zaidi ikiambatana na maumivu ya kifua, mdomo kupinda, udhaifu wa upande mmoja au kushindwa kusema, nayo ni hospitali haraka.

Mengine yanayojirudia

Namba ya uthibitisho haiji: akaunti ilifunguliwa kwa laini ya mjukuu, au laini ya zamani iliyofungwa. Badilisha namba wakati ile ya zamani bado iko hewani. Kenya hili limekuwa zito zaidi tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, maana mambo mengi ya bima sasa hupitia namba ya simu iliyosajiliwa. Isajiliwe laini anayoishika mzee mwenyewe, na asiye na simu kubwa anaweza kutumia *147#.

Programu haihifadhi au inajifunga: simu imejaa video za magrupu ya WhatsApp. Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja, futa, kisha jaribu tena.

Jina la dawa linaonekana skrini ikiwa imefungwa: kwa anayetumia dawa ambazo hataki wengine wajue, ni sababu ya kutosha kuifuta programu. Ficha maudhui ya arifa kwenye skrini iliyofungwa, au andika "dawa ya asubuhi" tu.

Programu inaomba PIN ya pesa za simu: ifute papo hapo. Programu ya kumkumbusha dawa haihitaji PIN hiyo kwa jambo lolote. Kama alishaiweka, PIN ibadilishwe kabla ya kitu kingine.

Simu imepotea: kama hamkuwa na akaunti au nakala, rekodi zimekwenda. Toa ripoti ya PDF kila mwezi na uitume kwenye WhatsApp ya mtoto mmoja anayeaminika. Orodha ya dawa, kwa jina halisi, miligramu na saa za Kiswahili, iandikwe pia kwenye karatasi ndani ya daftari la kliniki. Juu ya karatasi weka tarehe uliyoiandika, na dawa ikibadilika andika karatasi mpya, ile ya zamani ichanwe.